Kuwatafuta Waliopotea Vitani: Marubani wa Kindu, Ndege ya Ndola, na Wafu wa Kamalondo

Katika matendo ya huruma ambayo Kanisa linatufundisha tangu utoto, limo tendo la kuzika wafu. Tulijifunza tendo hilo katika katekisimu, na mara nyingi twadhani ni jambo rahisi. Mtu amekufa, jamaa wanakusanyika, wanawake wanalia, Padri anabariki kaburi, matanga yanakwisha, na watu wanarudi kazini. Lakini vita huvunja desturi hiyo. Vita huua mtu mbali na kwao, humwacha porini au mtoni, na jamaa zake hubaki nyumbani wakiuliza: Je, yu hai? Kama amekufa, amelala wapi? Nani alimwona mara ya mwisho?

Maandiko Matakatifu yanatusimulia habari za mzee Tobiti, baba yake Tobia. Mzee huyu aliwazika watu wa taifa lake kwa siri, ingawa mfalme alikasirika na kutaka kumwua. Hakuulizwa na mtu, wala hakulipwa. Aliona tu kwamba si haki mwana wa Ibrahimu atupwe nje ya ukuta kama mzoga.

Ndugu wasomaji, tunataka leo kueleza habari za watu waliokufa katika nchi zetu hizi katika mwaka 1961, wakiwa katika kazi za ndege, na jinsi jamaa zao na wenzao walivyowatafuta. Wengi wao walikuwa wageni kutoka Ulaya. Lakini tutaona kwamba waliowasaidia wale jamaa kupata ukweli walikuwa watu wadogo wa hapa hapa Afrika: mlinzi wa gereza, wachimba kaburi, wachoma makaa. Tukiisha kuona hayo, sisi wa Kamalondo tutajiuliza juu ya wafu wetu wenyewe.

VITA ILIYOPITA JUU YA VICHWA VYETU

Kamalondo ni mtaa wa zamani sana katika mji wa Lubumbashi. Zamani mji wote uliitwa Élisabethville, na mtaa wetu uliitwa Cité Albert, kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Watu wa makabila mengi walikuja kukaa hapa kwa sababu ya kazi: kazi ya shaba, kazi ya reli, kazi za ofisi na za nyumbani kwa Wazungu. Walitoka Katanga yenyewe, Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, na mahali pengine. Walioana, wakazaa watoto, wakasali katika kanisa moja.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Umoja wa Mataifa ulileta askari wake kutoka nchi nyingi. Katanga nayo ikajenga jeshi lake la wajandarme, ikaajiri askari wa kukodiwa kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika, na ikanunua ndege. Mwezi wa Februari 1961 ndege tatu za vita za aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa, zililetwa katika uwanja wa Luano, karibu na mji wetu.

Tarehe 13 Septemba 1961 mapigano makubwa yalianza mjini kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wajandarme. Wakati ule Fouga moja tu ilikuwa bado yaweza kupigana, nayo ilitoka Kolwezi. Lakini ndege hiyo moja ilitisha nchi nzima. Iliwapiga askari wa Ireland waliozungukwa kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Ikapiga pia uwanja wa Luano. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege za kupigana nayo. Baada ya mwezi mmoja tu zilikuja ndege za vita za Sweden, za India na za Ethiopia, na katika mapigano ya Desemba 1961 ndizo zilizotawala anga la Katanga.

Waliokuwa watoto Kamalondo siku zile ni wazee sasa. Ukiwauliza, wengi watakuambia kwanza habari ya mlio wa ndege. Wakati ule mtu akisikia mlio hakujua ndege ni ya nani: ya Tshombe, ya Umoja wa Mataifa, au ya kuleta unga. Kutojua huko kulileta msiba mkubwa sana mahali pengine, kule Kindu.

WAITALIA 13 WA KINDU

Kindu ni mji wa Maniema, kando ya mto Lualaba. Ndugu zetu wengi wa Kamalondo wana asili yao kule. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo za jeshi la anga la Italia zilitua Kindu. Zilikuwa ndege kubwa za aina ya C-119, zenye mkia wa pacha, za kikosi kilichokuwa na makao yake mjini Pisa. Zilileta vitu kwa askari wachache wa Malaya waliokuwa wakilinda pale kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Ndani yake walikuwamo Waitalia 13: marubani, mafundi, na daktari mmoja kijana. Wakubwa wao walikuwa Meja Amedeo Parmeggiani na Kapteni Giorgio Gonelli. Hawakuja kupigana. Waliisha kushusha mizigo, na walikuwa wamekwenda kula pamoja na maofisa wa Malaya kabla ya kurudi.

Siku zile mji wa Kindu ulikuwa umejaa askari wa Kongo waliokuja kutoka upande wa Stanleyville, ndio Kisangani ya leo, wakielekea Katanga. Askari hawa hawakuwasikiliza tena wakubwa wao. Walikuwa na hofu na hasira, maana ndege za Katanga zilikuwa zimewashambulia askari wa Serikali ya Kati. Walipowaona Wazungu wameshuka katika ndege, walisema: Hawa ni watu wa Tshombe. Wakawashika. Yule daktari aliuawa kwanza. Wengine walipigwa, wakapelekwa gerezani, na usiku wakauawa wote.

Habari zilipofika Italia, jamaa walilia mara mbili. Walilia kwa sababu ya kifo, na walilia kwa sababu ya maneno yaliyofuata. Magazeti yaliandika kwamba miili ilikatwakatwa na kutupwa katika mto Lualaba, na mengine yaliandika mambo mabaya kuliko hayo. Fikirini mama wa kijana wa Pisa akisoma maneno kama hayo asubuhi. Wiki zikapita, Krismasi ikapita, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kaburi.

Lakini ukweli ulikuwa mwingine. Habari iliyohifadhiwa ni kwamba mlinzi wa gereza la Kindu aliogopa kwamba miili ile ingechezewa. Basi usiku ule ule ilichukuliwa kwa gari mpaka makaburi ya kijiji kiitwacho Tokolote, ukingoni mwa msitu, na watu wakachimba udongo wakaizika. Hao waliochimba hawakuwajua Waitalia. Hawakuwa na faida yoyote katika jambo hilo, bali hatari tu, maana askari walevi wenye bunduki walikuwa bado mjini. Walifanya kama Tobiti.

Kwa ajili ya tendo hilo la usiku mmoja, mwezi wa Februari 1962 makaburi yalionekana. Miili ilitolewa, ikatambuliwa, na tarehe 11 Machi 1962 ilifika Pisa, miezi minne kamili tangu siku ile ya kifo. Watu wengi sana walijaa kuipokea. Karibu na uwanja wa ndege wa Pisa pamejengwa kanisa la ukumbusho, na humo wamelala. Mwaka 1994 Serikali ya Italia iliwapa marehemu wote 13 nishani ya dhahabu ya ushujaa. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, jamaa na askari wenzao hukutana kuwaombea.

Tuangalie jambo hili vizuri. Nishani zilitoka Roma, na kanisa la ukumbusho ni kazi ya Pisa. Lakini kama si wale watu wa Kindu na Tokolote, lile kanisa lingekuwa tupu. Tena majina ya Waitalia 13 yamechongwa kwa herufi kubwa, na majina ya wale waliowazika hayakuchongwa popote.

NDEGE YA NDOLA

Habari ya pili iko karibu nasi zaidi. Kutoka Lubumbashi mpaka Ndola, katika Zambia, ni safari ya kilomita kama 200 tu. Watu wetu huvuka mpaka kila siku kwenda kununua na kuuza, na kuwatazama jamaa.

Katika mapigano yale ya Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld wa Sweden, alitaka kukutana na Tshombe ili vita ikome. Wakapatana kukutana Ndola, iliyokuwa bado chini ya utawala wa Rhodesia. Ndege aliyoipanda ilikuwa ya aina ya DC-6, jina lake Albertina, na wanaanga wake walikuwa Waswedeni. Asubuhi ya tarehe 17 ndege hiyo ilikuwa imetoka hapa kwetu Élisabethville, na ilipokuwa ikipaa ilipigwa risasi. Ilitengenezwa Léopoldville, na jioni ikaondoka tena na Katibu Mkuu. Kwa kuiogopa Fouga haikupita njia iliyonyooka, bali ilizunguka upande wa mashariki.

Baada ya saa sita ya usiku ilipita juu ya Ndola, rubani akasema anaziona taa za uwanja. Kisha kimya. Ilianguka msituni, kilomita kama 15 kutoka uwanjani. Waliokuwamo walikuwa watu 16: Katibu Mkuu, wasaidizi na walinzi wake, askari wawili wa Sweden, wanaanga 6, na mwanamke mmoja, karani Alice Lalande wa Kanada. Mmoja tu alionekana hai, mlinzi Harold Julien wa Marekani, naye alikuwa ameungua vibaya. Alipelekwa hospitali ya Ndola, akafa baada ya siku chache. Kabla ya kufa alisema maneno juu ya mlipuko na cheche angani, lakini wachunguzi walisema ni maneno ya mgonjwa mwenye homa.

Mabaki ya ndege yalitangazwa kuonekana alasiri ya tarehe 18, saa kama 15 baada ya kuanguka. Lakini watu wengine walikuwa wameisha kuyaona tangu asubuhi. Hao ni wachoma makaa. Kazi yao ilikuwa kukata miti, kuifunika kwa udongo na kuichoma polepole, na kwa hiyo walilala msituni kulinda matanuru yao. Wenye macho wazi usiku ule katika msitu ule walikuwa wao.

Wengine kati yao walisema waliona moto angani kabla ndege haijaanguka. Wengine walisema waliona ndege nyingine, ndogo, karibu na ile kubwa. Tume ya Rhodesia haikuyakubali maneno yao. Iliwaona kuwa watu wasio na elimu, wanaosema wasiyoyajua au wanaotaka siasa. Baadhi yao walishitakiwa na kufungwa kwa kuchukua mashine ya kuandikia siri waliyoiokota katika mabaki. Mwenye kufungwa namna hiyo akikaa kimya baadaye, nani atamlaumu? Mwanzoni mwa 1962 tume ile ikasema kosa ni la rubani, alishuka chini mno. Tume ya Umoja wa Mataifa haikuweza kusema hivyo. Iliacha mlango wazi. Tarehe 26 Oktoba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliagiza kwamba habari mpya ikipatikana iletwe mbele yake.

Kwa jamaa za rubani na wanaanga wenzake, jambo hili halikuwa la siasa za mataifa. Lilikuwa jambo la heshima ya baba yao. Mtoto wa rubani anapokua akisikia kwamba watu 16 walikufa kwa kosa la baba yake, hubeba mzigo huo shuleni, kazini na mezani. Akitaka kujua kama ni kweli, si kwa kulipiza kisasi. Tena wako marubani waliopigania Katanga ambao majina yao yalitajwa baadaye kuwa huenda waliishambulia ndege ile. Na watoto wa hao nao wanayo haki ya kujua ukweli, kama baba yao hakufanya.

Miaka mingi ikapita. Mswedeni mmoja, Göran Björkdahl, ambaye baba yake aliwahi kupewa kipande cha bati la ndege ile huko Zambia, alirudi Ndola kuwatafuta wachoma makaa waliokuwa bado hai. Akaketi nao, akawauliza mmoja mmoja. Mwaka 2011 mwandishi wa historia Susan Williams alitoa kitabu kikubwa juu ya kifo hicho. Mwaka 2013 tume ya wanasheria wa hiari ilisema iko sababu ya kufungua uchunguzi upya. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka jopo, na mkubwa wake alikuwa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati ule. Naye aliendelea na kazi hiyo peke yake, akatoa taarifa nyingine mwaka 2017, 2019, 2022 na 2024.

Jaji Othman hakusema kwamba amejua kila kitu. Alisema inawezekana kwamba ndege ile ilishambuliwa au ilitishwa na kitu cha nje. Alisema pia kwamba mashahidi wa Kiafrika hawakutendewa haki mwanzoni, na kwamba yako mataifa ambayo bado hayajafungua kabati zao zote za karatasi. Lakini neno moja limekwisha kubadilika: maneno ya wachoma makaa, yaliyotupwa mwaka 1962, sasa yameandikwa katika taarifa za Umoja wa Mataifa na kupimwa kama maneno ya watu wengine wote. Ilichukua zaidi ya miaka 50, na wengi wao walikuwa wamekufa.

JINSI KAZI YA KUTAFUTA INAVYOFANYIKA

Huenda msomaji atauliza: Mtu hutafutwaje akipotea vitani? Kazi hii ina desturi zake, na Kanisa limeshiriki tangu zamani.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, mwezi wa Septemba 1939, Baba Mtakatifu Pius XII alifungua Vatikano ofisi ya kutafuta habari za wafungwa na waliopotea. Ofisi hiyo ilifanya kazi mpaka 1947. Mama aliandika barua: Mwanangu ni rubani, hatujasikia neno tangu vita ya Abisinia. Jina liliandikwa katika kadi. Maaskofu na wajumbe wa Papa walikwenda katika kambi za wafungwa, wakaandika majina, wakayarudisha Roma, na Redio ya Vatikano ikasoma salamu. Kadi zile zipo mpaka leo, nazo ni za watu zaidi ya milioni mbili.

Waitalia wengi walikamatwa katika Afrika Mashariki wakati huo. Wengine walishindwa na askari wetu wa Force Publique, waliotoka Kongo wakapigana mpaka Saio katika Abisinia, ambako majenerali wa Italia walisalimu amri mwezi wa Julai 1941. Mkubwa wa Waitalia wote kule, Amedeo, Mtawala wa Aosta, alikuwa jenerali wa jeshi la anga. Alikufa mfungwani Nairobi mwaka 1942. Amezikwa Nyeri, nchini Kenya, katika kanisa la ukumbusho, pamoja na askari wake zaidi ya 600 waliokusanywa kutoka makaburi ya huko na huko. Jamaa wakifika Nyeri huonyeshwa jina ukutani.

Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lina ofisi yake ya kutafuta watu huko Geneva. Watu wake hupita kati ya pande mbili za vita, tena kwa hatari. Hapa hapa Élisabethville, tarehe 13 Desemba 1961, mjumbe wake Georges Olivet, Mswisi, alitoka na gari la wagonjwa pamoja na wasaidizi wawili. Hawakurudi. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliopotea akapotea mwenyewe. Baada ya siku kadhaa miili yao mitatu ilionekana imefukiwa karibu na gari lao.

Yuko na askari mmoja kijana wa Ireland aliyeuawa katika barabara za mji wetu mwezi wa Septemba 1961. Mwili wake haukupatikana. Wenzake aliopigana nao, waliorudi kwao na kuwa wazee, hawakuacha kuuliza habari zake, na kila mwaka humtaja kwa jina katika sala.

Katika habari zote hizi mnaona vitu vitatu. Kwanza, orodha: mtu aliandikwa jina alipoondoka, ndiyo maana ilijulikana kwamba hakurudi. Pili, shahidi: mtu wa mahali pale aliyeona kwa macho. Tatu, jamaa au rafiki ambaye hakuchoka kuuliza. Kimoja kikikosekana, kazi huwa ngumu. Vyote vitatu vikikosekana, mtu hupotea kabisa.

NA WAFU WETU?

Sasa turudi Kamalondo. Mwaka 1961 si Wazungu wa ndege tu waliokufa. Tangu mwisho wa Agosti ya mwaka ule, watu wengi, hasa Waluba, waliona kwamba maisha yao yako hatarini katika mitaa. Waliondoka Kamalondo, Kenya na Katuba, na godoro na sufuria kichwani, wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa nje ya mji. Makumi ya maelfu waliishi pale chini ya maturubai na mabati, katika mvua na njaa. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine kwa kuuawa, ndani ya kambi na nje yake. Mwaka 1962 walipelekwa kwa treni na ndege kwenda Kasai na Katanga ya Kaskazini. Mume alikwenda huku, mke huku. Mtoto aliyekuwa kwa shangazi siku ile hakuonekana tena.

Desemba 1961 mabomu na risasi ziliua watu katika nyumba zao. Kule Kongolo, siku ya mwaka mpya 1962, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu, na miili yao ikatupwa katika Lualaba. Hao tunawajua majina, maana Shirika liliwaandika. Utengano ulipokwisha, mwezi wa Januari 1963, wajandarme wengi wa Tshombe walikimbilia Angola. Walikuwa vijana wa mitaa yetu. Wengine walirudi na bunduki mwaka 1977 na 1978, wengine walirudi wazee, na wengine hawakurudi kabisa. Wako mama waliokufa Kamalondo wakiwa bado wameweka sahani ya mtoto aliye Angola.

Orodha yao iko wapi? Aliyekuwa upande wa Tshombe na aliyekuwa kambini kwa Umoja wa Mataifa, wote wawili walikuwa na mama, na wengi wao walibatizwa katika kisima kimoja cha ubatizo. Serikali moja haikutaka kuwahesabu hawa, serikali nyingine haikutaka kuwahesabu wale. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai wengi walipofukuzwa tena katika Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, picha na vitabu vya familia vilipotea kwa mara ya pili. Makaburi mengi ya siku zile hayana jiwe wala jina.

Hatusemi haya ili kuamsha ugomvi wa makabila. Ugomvi hulishwa zaidi na uvumi kuliko na ukweli. Kule Kindu, uvumi ulisema miili imetupwa mtoni, na chuki ikaongezeka Ulaya juu ya Wakongo wote; ukweli wa Tokolote ndio uliotuliza. Na sisi pia tunasikia kila mtu akisimulia kwamba watu wa kabila fulani waliua watu mia, elfu, elfu kumi. Mwenye majina hasemi hivyo. Husema: Alikufa fulani, na fulani, na fulani. Mbele ya majina watu hunyamaza na kusali.

TUFANYE NINI?

Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1961 leo amekaribia miaka 80 au ameifikia. Wale wa Ndola waliulizwa wakati wengi walikuwa wamekwisha kufa. Tusingoje mgeni kutoka Sweden aje kuwauliza wazee wetu.

Kila familia itafute daftari. Iandike jina la aliyepotea, lote, pamoja na jina la ubatizo na jina la nyumbani ambalo watu walimwita. Iandike jina la baba na mama, kijiji cha asili, kazi aliyofanya, na kampuni kama alikuwa nayo, maana kampuni na reli zilikuwa na orodha za wafanyakazi wao. Iandike mahali na wakati alipoonekana mara ya mwisho, na nani alimwona.

Mkimwuliza mzee, mumwulize peke yake, kwa upole, wala msimjazie maneno kinywani. Mwulizeni: Baba, hili uliliona au ulilisikia? Kama aliona, andikeni: aliona. Kama alisikia, andikeni: alisikia, kwa fulani. Akichoka au akilia, acheni, mrudi siku nyingine. Na akisema jambo baya juu ya mtu aliye hai, liandikwe na kuhifadhiwa, lisipelekwe sokoni.

Kisha nendeni kwa Padri wa parokia. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu vilianza kuandikwa tangu siku za kwanza za misioni, na mara nyingi pembeni mwa jina la ubatizo yameandikwa mambo mengine: aliolewa wapi, alikufa lini. Mtu aliyepotea Kamalondo mwaka 1961 huenda alizikwa na Padri mahali pengine, na jina lake limekaa kitabuni miaka hii yote likingoja mtu wa kulisoma.

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu, nao ndio mwezi waliokufa Waitalia wa Kindu. Tunashauri kwamba katika mwezi huo kila jumuiya ilete majina yake altareni, yasomwe yote bila kuchagua: la mjandarme, la mkimbizi wa kambini, la mama aliyepigwa na bomu jikoni. Tuwaombee na watu wa Tokolote, ambao hatujui majina yao, lakini Mungu anayajua. Daftari zikijaa, zihifadhiwe parokiani, ili mjukuu atakayekuja kuuliza siku moja, kutoka Kananga, kutoka Luanda au kutoka Ulaya, apate jibu.

Mungu awape wote pumziko, na atupe sisi moyo wa Tobiti.